Nauli ya Bodaboda: Safari Yangu ya Kwanza Kitale na Bungoma

Mtu wa Mombasa akisema anakwenda Kitale, swali la kwanza atakaloulizwa ni la sweta. Niliulizwa na mama nyumbani, nikaulizwa na jirani, na pale Mwembe Tayari utingo wa basi aliliangalia shati langu la mikono mifupi akatikisa kichwa. Walikuwa na haki. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na basi liliponishusha asubuhi ile ya mwezi wa Mei nilinunua sweta la mtumba hata kabla ya chai.

Kilichonipeleka huko ni kazi. Mimi hutunga mafunzo ya watu ambao tayari wana kazi zao: wauguzi, walimu, makarani wa forodha, wenye maduka. Hawa ni watu wazima, wana karo za watoto za kulipa, wakubwa wa kuwaridhisha, na simu zinazoita somo likiwa limekolea. Mwenzangu mmoja wa zamani aliyehamia Trans Nzoia alikuwa akinisumbua kwa muda mrefu. "Njoo uone huku, ndugu yangu. Nyinyi wa pwani mna kumbi nzuri mno." Sikujua kama ni sifa au kejeli, nikaona heri niende nikajionee.

Njia ni ndefu. Nakuru tuliipita watu wamelala, Eldoret kungali na giza, kisha Soy, Matunda na Moi's Bridge. Hapo ndipo kulipopambazuka, nikayaona maghala ya nafaka ya NCPB yamesimama marefu juu ya mashamba, na mahindi pande zote mbili za barabara, kimo cha goti, mistari imenyooka kana kwamba imepigwa rula. Upande wa kulia ni milima ya Cherangani. Mbele, ukungu ulipofunuka kidogo, Mlima Elgon ukajitokeza, mpana, usio na haraka ya kuonekana.

Mji wenyewe umejengwa na mahindi. Reli ilifika mwaka 1926. Katikati ya miaka ya 1950 utafiti wa mahindi ukaanza hapa, na mwaka 1956 ikaundwa kampuni ya mbegu ya Kenya Seed. Mwaka 1964 ikatoka mbegu ya chotara iliyoitwa H611, iliyozaliwa kwa kuoanisha mahindi ya Kitale na mengine yaliyoletwa kutoka Ecuador. Watu husimulia zaidi habari za watafiti, nao wanastahili. Mimi kilichonivutia ni jambo jingine: mbegu ile ilienea upesi kwa wakulima wadogo kwa sababu, pamoja na mengine, kampuni iliipitisha katika maduka ya vijijini. Mwenye duka la sukari na sabuni ndiye aliyemweleza jirani yake namna ya kupanda mbegu ngeni, na kwamba asirudie kupanda punje za mavuno yake mwenyewe. Mwalimu wa kwanza wa mahindi ya chotara, kwa wakulima wengi, alisimama nyuma ya kaunta.

Warithi wa watu hao ni wenye agroveti, yaani maduka ya pembejeo, na mafunzo yao ndiyo niliyopelekwa kuyatazama kwanza.

Nilitarajia ukumbi wa hoteli. Nilipelekwa kwenye stoo, nyuma ya duka la pembejeo, kwenye mtaa mmoja usio mbali na soko. Ndani kulikuwa na magunia ya mbolea ya CAN, harufu kali ya dawa, na mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Mkufunzi alikuwa mama mmoja mstaafu, aliyefanya kazi ya ugani kwa miaka mingi. Wote walimwita Madam, naye akiwaita "vijana wangu", hata wale wenye mvi.

Aliniambia jinsi mafunzo yalivyopangwa mara ya kwanza. Yalikuwa ya wiki nzima, hotelini, mwezi wa Machi, chakula juu ya mwenye mwaliko. Hakuna hata mwenye duka mmoja aliyekaa mpaka mwisho. Machi na Aprili ni msimu wa kupanda Trans Nzoia. Mwenye agroveti akifunga duka wiki hiyo amefunga mwaka wake. Wakawatuma vijana wa dukani wakakae badala yao, waje na cheti cha kutundika ukutani.

"Waandaaji walikasirika," Madam alisema. "Mimi nikawauliza: na dukani, nani anayemhudumia mkulima? Ni huyo huyo kijana. Basi mgeni wenu ndiye huyu, mwenye duka acheni auze mbolea."

Kwa hiyo mpango ukageuzwa. Anayealikwa sasa ni yule anayesimama kwenye kaunta. Kipindi ni saa mbili tu, mara moja kwa wiki, kuanzia saa nane mchana ambapo wateja wamepungua. Kinafanyika dukani, na maduka yanapokezana kuwa wenyeji. Hakuna posho. Kuna chai na mandazi, na mwenye stoo ndiye anayeitoa. Ukiwahi kuandaa mafunzo Kenya unajua kwamba neno posho limeua semina nyingi kuliko ukosefu wa umeme.

Siku niliyohudhuria, Madam alifungua kikapu akatoa mche wa mahindi uliong'olewa na mizizi yake, kiini chake kimetafunwa na kujaa uchafu mfano wa vumbi la mbao. Akajifanya mkulima. "Kijana, mahindi yangu yanaliwa. Nipatie dawa." Msichana mmoja, mwepesi, akageukia rafu akatoa chupa.

"Umeniuliza nini?"

Kimya.

"Hujaniuliza chochote, na tayari unataka pesa yangu."

Akamkabidhi mche. Wakaupasua kiini, wakamtoa kiwavi, wakamweka kwenye kifuniko cheupe cha ndoo. Kila mmoja aliinama kumwangalia. Kichwani alikuwa na alama nyeupe mfano wa herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne yaliyokaa pembe za mraba. Huyo ndiye kiwavijeshi vamizi, mgeni kutoka bara la Amerika aliyeingia Kenya mwaka 2017 na kuanza na mashamba haya ya magharibi. Akatolewa mdudu mwingine kwenye chupa, mpekecha shina, mwenyeji wa siku nyingi, wasifananishwe. Dawa inayomfaa mmoja huenda isimfikie mwingine akiwa ameshaingia ndani ya bua, na kiwavi akishakuwa mkubwa, Madam alisema, unauza maji.

Kisha chupa zenyewe. Kwenye lebo ya kila dawa chini kuna ukanda wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu: nyekundu, njano, buluu, kijani. Wote walikuwa wakiziuza kila siku. Madam aliwataka wazipange chini sakafuni kuanzia ile kali zaidi, na mpangilio wa kwanza ulikuwa wa kutisha, maana wengi waliona kijani ndiyo "ya nguvu" kwa kuwa huuzwa sana. Baadaye wakakwangua lebo ya pakiti ya mbegu na kutuma namba ya siri kwenda 1393 ya KEPHIS, shirika linalokagua mbegu, na simu ikajibu kama mbegu ni halali. Kijana mmoja alisema ameuza mbegu miaka kadhaa na hajawahi kumwonyesha mteja jambo hilo. Hakuna aliyemcheka.

Kazi ya nyumbani ilikuwa daftari la kurasa chache. Kila mmoja aandike maswali matatu aliyoulizwa na wakulima wiki hiyo, na jibu alilotoa. Na hapa ndipo nilipoelewa mwenzangu alitaka nione nini. Katikati ya wiki Madam hupanda bodaboda akazunguka duka moja moja. Hafundishi. Anasimama pembeni kama mteja anayesubiri chenji, anasikiliza, mteja akiondoka ndipo wanaongea dakika tano. Nilifuatana naye. Kwenye duka la pili tulimkuta yule msichana mwepesi, na mzee mmoja aliyetaka dawa ya "wadudu". Msichana akamuuliza: mahindi yana wiki ngapi? Umepulizia nini kabla? Umeangalia ndani ya kiini? Mzee akasema hakuangalia. Akaambiwa arudi na mche mmoja kesho asubuhi. Duka likakosa shilingi mia kadhaa siku hiyo. Madam hakusema kitu. Aliandika tu kwenye daftari lake, na nilipochungulia nikaona ameandika jina la duka na alama ya vema.

Nilimuuliza mradi unatumia pesa nyingi wapi. Alicheka. "Nauli. Na nauli ndiyo wanayoikata kwanza bajeti ikipungua."

Kutoka Kitale kwenda Bungoma nilipanda matatu ya kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu. Barabara inateremka taratibu, sweta likawa mzigo. Mahindi yakaanza kuchanganyika na miwa na migomba. Webuye tukaliona lile bomba refu la moshi la kiwanda cha karatasi, kilichofungwa mwaka 2009 na kuacha mji mzima ukijiuliza. Baada ya hapo ni trekta za miwa za upande wa Nzoia, Bukembe, njia panda ya Kanduyi, na ghafla bodaboda nyingi kuliko nilizowahi kuona mahali pamoja. Salamu ni "Mulembe", na hawakuachii mpaka umejibu.

Bungoma ina historia katika kuwafunza watu kazini kwao, ambayo watunga mafunzo wengi wa Nairobi hawaitaji. Mwaka 1989 huko Indonesia, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilianza kuwafundisha wakulima wa mpunga shambani badala ya darasani, kwa msimu mzima, kwa sababu dawa zilikuwa zimeua wadudu rafiki na kuwaachia adui nafasi ya kuzaana. Wakaziita shule za wakulima shambani. Mwaka 1999, kwa fedha za IFAD, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo, utaratibu huo ukaletwa kwa majaribio magharibi mwa Kenya: Bungoma, Busia na Kakamega. Wakulima wa huku wakaongeza lao. Baadhi ya vikundi vililima kipande cha kuuza kando ya kile cha kujifunzia, mavuno yakagharimia masomo. Na mwaka 2006 ni Bungoma hii hii shirika la wakulima wadogo la One Acre Fund lilipoanza, na wakulima 38.

Shamba nililopelekwa liko nje ya Kanduyi. Wanafunzi siku hiyo hawakuwa wakulima. Walikuwa maafisa wa ugani, wenye diploma na digrii zao, wakifundishwa kuwa wawezeshaji. Sharti ni kwamba afisa naye akae msimu mzima, kuanzia kupanda hadi kuvuna, akikutana na wenzake shamba lile lile kila wiki. Haiwezekani kumfunza mtu kwa siku tatu mambo ambayo mahindi yenyewe huyafanya kwa miezi mitano. Wanapokutana hugawanyika vikundi, huchunguza miche michache, huhesabu majani na wadudu, kisha huchora mche huo kwenye karatasi kubwa: wadudu wabaya upande mmoja, rafiki upande mwingine, hali ya hewa juu. Halafu huamua wafanye nini wiki hiyo. Mara nyingi uamuzi ni kutofanya kitu, na ni mgumu kwa mtu aliyesomea kutoa ushauri.

Kilichonishika zaidi ni mtihani wao wa awali. Wanauita sanduku la kura. Pembezoni mwa shamba walichomeka vijiti, kila kijiti na kikaratasi cha swali, na kamba nyembamba inayotoka kijitini kwenda kwenye kitu halisi: jani, mdudu, mzizi. Chini ya kijiti, makopo matatu yaliyotobolewa, kila moja na jibu lake. Kila mshiriki ana vipande vya karatasi vyenye namba yake tu. Anapita kijiti hadi kijiti, anatumbukiza kura yake kwenye kopo. Asiyejua kusoma husomewa. Hakuna anayejua mwenzake amejibu nini.

Kwenye kijiti kimoja kamba ilifungwa kwenye jani lenye njano iliyoanzia ncha na kuteremka katikati mfano wa herufi V. Makopo: ugonjwa, wadudu, njaa ya mbolea. Nilisimama hapo nikitazama. Maafisa walipita kwa kujiamini. Makopo yalipofunguliwa, kura nyingi zilikuwa kwenye ugonjwa. Jani lile lilikuwa na njaa ya naitrojeni, jambo ambalo kila mmoja wao alilijibu sawa kwenye karatasi ya mtihani chuoni. Mwezeshaji hakutaja namba ya mtu. Alisema tu, "Haya, tuongee na jani." Wakachuchumaa.

Mwisho wa msimu sanduku hurudiwa, na tofauti ya kura ndiyo cheti cha kikundi. Nimeshawahi kujaza fomu nyingi za tathmini mwisho wa semina: ukumbi ulikuwaje, chakula kilikuwaje, mkufunzi alieleweka? Mmarekani Donald Kirkpatrick alieleza tangu mwaka 1959 kwamba mafunzo hupimwa kwa ngazi nne: kama watu waliyapenda, kama walijifunza, kama wamebadilika kazini, na kama kazi yenyewe imeleta matokeo. Fomu zetu husimama ngazi ya kwanza na kupiga makofi. Makopo yale ya Kanduyi yalikuwa yamefika ya pili bila ya projekta, na daftari la Madam la Kitale lilikuwa tayari kwenye ya tatu.

Nilitaka kuona na walimu, maana ndio wateja wangu wengi. Walimu wa Kenya wamefanyiwa kila aina ya mafunzo kazini. SMASSE ya hisabati na sayansi ilianza mwaka 1998 kwa msaada wa Japani. Mtaala wa umilisi ulipoingia mwaka 2019 wakaitwa kwenye semina za likizo, ngazi kwa ngazi, mkufunzi akimfunza mkufunzi hadi lililofika kwa mwalimu wa mwisho limechuja. Mwaka 2021 tume ya kuwaajiri walimu, TSC, ikazindua mpango wa kuwaendeleza kitaaluma, moduli sita, kila moja miaka 5, mwalimu akilipa shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mshahara wake. Kelele zilizofuata hazikuwa za uvivu. Mtu anayeambiwa alipie mafunzo ya kazi anayoifanya tayari ana haki ya kuuliza yatamsaidia nini Jumatatu asubuhi.

Ila kuna moja lililofanya kazi, na lilifanya kazi kwa sababu ya pikipiki. Mpango wa Tusome, ulioanza shule za msingi kote nchini mwaka 2015 kwa ufadhili wa Marekani, ulifundisha kusoma Kiswahili na Kiingereza madarasa ya chini. Semina zake zilikuwa fupi. Uzito uliwekwa kwa maafisa wa mitaala, wale ambao shuleni huitwa CSO. Walipewa tableti, wakatakiwa kuingia darasani, kutazama somo, kumsikiliza mtoto akisoma, kisha kukaa na mwalimu. Tableti ilirekodi mahali walipo, na nauli ililipwa kwa kufuata ziara zilizofanyika kweli. Ziara zikaongezeka. Watafiti wa Marekani, Bruce Joyce na Beverly Showers, walikuwa wamesema tangu miaka ya 1980 kwamba mwalimu hutumia alichofundishwa ikiwa mtu anamfuata darasani. Kenya ikaweka petroli kwenye maneno hayo.

Katika shule moja ya Kaunti ya Bungoma niliketi nyuma ya darasa la Gredi ya 2 pamoja na afisa wa aina hiyo. Mwalimu alikuwa hodari, sauti safi, watoto wanamfuata. Somo lilipokwisha walikaa kwenye viti vya plastiki ofisini. Afisa aliuliza swali moja: "Mwalimu, wale wa dirishani nyuma wamesoma mara ngapi leo?" Mwalimu akafikiri, akahesabu kwa vidole, akakuta hakuna. Wakakubaliana mbinu moja tu ya kujaribu, na afisa akasema atapita tena wiki ijayo. Nilipomuuliza nauli hutoka wapi sasa, baada ya ufadhili ule wa Tusome kuisha, alisema mara nyingine hutoka mfukoni mwake, na wiki ambazo mfuko ni mtupu, haendi.

Jioni yake, tukila ugali na mrenda, walimu walinipa somo la mwisho la kupanga ratiba. Walinitahadharisha nisithubutu kuita semina Bungoma mwezi wa Agosti, mwaka shufwa. Ndio msimu wa tohara ya Wabukusu; vijana huzunguka na njuga kuwaalika wajomba, na hakuna mwalimu, mzazi wala mkuu wa shule atakayekaa ukumbini kutazama slaidi. Nilipoeleza kwamba kuna ofisi zinazopanga kalenda ya mafunzo ya nchi nzima kwa mwaka mzima kutoka chumba kimoja, walicheka mpaka mmoja akapaliwa.

Nimerudi Mombasa na kuanza kuandika upya mafunzo ya wauguzi niliyokabidhiwa. Siku za ukumbini nimezipunguza nusu. Fedha zilizobaki nimeziandika kwenye mstari wa usafiri wa wakufunzi kwenda wodini. Mhasibu tayari ameuzungushia duara na alama ya kuuliza. Wewe uliye na mamlaka ya kupitisha bajeti za mafunzo, kwenye kaunti, wizarani au kwenye shirika, ukikutana na mstari kama huo, tafadhali usiukate. Kata chakula cha hoteli.